Tangi la samaki lenye mimea kwa maji ya Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa Unguja na Pemba wanaotaka kufuga samaki wa maji baridi (yaani yasiyo ya bahari) pamoja na mimea hai ndani ya tangi la kioo. Maelekezo mengi yanayozunguka yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika kuyapasha maji joto na kuyaongezea madini. Sisi joto tunalo, na madini tunayo hadi yamezidi. Soma maswali ya 4 hadi 9 kabla hujatoa hata shilingi. Ukishayajua maji yako, uchaguzi wa mimea na samaki unakuwa mwepesi.

## Tangi, pahala pa kuliweka na mchanga

1. Nianze na tangi la ukubwa gani?

Lita 50 hadi 100. Tangi la lita 10 ni rahisi kununua na gumu kulitunza, kwa sababu maji machache hubadilika haraka: chakula kikizidi asubuhi, jioni samaki wanahema. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la 60 × 30 × 30 linachukua lita 54, na fundi wa vioo anaweza kukuundia kwa kioo cha milimita 6. Msisitizie atumie silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Silikoni ya vyooni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu inaua samaki. Liache likauke wiki nzima, ulijaze maji uwanjani uangalie kama linavuja, ndipo uliingize ndani.

2. Nakaa ghorofani Mji Mkongwe. Sakafu italibeba?

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 54 pamoja na mchanga, mawe na meza yake linaweza kupita kilo 80. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko zinazoingia ukutani. Liweke karibu na ukuta zinapoingia ncha za boriti, na meza ikae kwa kupita juu ya boriti kadhaa ili uzito usiangukie moja peke yake. Kama dari ya chini ina madoa ya unyevu au boriti zimeliwa na mchwa, shuka nalo chini.

3. Naweza kutumia mchanga wa ufukweni na vipande vya matumbawe?

Kwa tangi la mimea, hapana. Ule mchanga mweupe wa Paje au Nungwi kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu, na utazidi kuyafanya maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Jaribu mwenyewe: tia mchanga kidogo kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa povu, uache. Kisha kuna la fukwe zenyewe, ambazo zinaliwa na bahari kila mwaka. Hatuna sababu ya kuziongezea jeraha.

Chukua mchanga wa kujengea uliochimbwa mashamba, upime kwa siki, uuoshe mpaka maji yatoke meupe. Chini yake tandaza udongo wa sentimita 2 au 3 uliochekechwa. Kinongo chekundu kinafaa, na kinamo (udongo wa mfinyanzi) kidogo ndani yake ni bora zaidi kwa kushika madini. Usitie samadi wala mbolea. Juu yake weka mchanga wa sentimita 3 au 4 na usiuchimbechimbe tena. Hiyo ndiyo ghala ya chakula cha mizizi, na inaokoa fedha nyingi za mbolea za madukani.

## Maji yetu

4. Kwa nini maji yetu ni magumu, na nitajuaje ya kwangu?

Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, ni maweni, yaani mwamba wa matumbawe ya kale. Mvua ikinyesha hubeba hewa ukaa (kaboni dioksidi) ya udongoni, ikawa na uchachu kidogo, ikayeyusha chokaa inaposhuka ndani ya mwamba. Maji tunayovuta kisimani yanakuja na kalsiamu na baikaboneti zilizotoka humo.

Fungua birika lako la chai utazame ndani. Ule ukoko mweupe unaobanduka kwa magamba ni chokaa hiyohiyo iliyotolewa na moto. Ukoko mzito na sabuni isiyotoa povu ni dalili ya maji magumu sana. Birika safi ni dalili ya maji laini, au nyumba inayochemsha maji ya mvua. Pemba ina vilima na vijito vingi kuliko Unguja, na maji ya kijito huweza kuwa laini kuliko ya kisima cha maweni, kwa hiyo usikubali jibu la jirani aliye kijiji kingine. Pima ya kwako.

5. pH, KH na GH ni vitu gani? Nikipima kimoja tu, kipi?

GH ni jumla ya kalsiamu na magnesiamu. KH ni kaboneti na baikaboneti, na hizo ndizo zinazoizuia pH isiyumbe. pH inaeleza uchachu: chini ya 7 maji ni machachu, juu ya 7 ni ya alkali, na kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. GH na KH hupimwa kwa digrii, na digrii 1 ni sawa na miligramu 17.9 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Kama kipimo chako kinasoma miligramu, gawa kwa 17.9.

Ukiwa na fedha ya kipimo kimoja, nunua cha KH cha matone. Maji yenye KH ya 8 au zaidi mara nyingi hutulia kwenye pH ya 7.6 hadi 8.3.

Jambo moja linalowachanganya wengi: maji ya kisima yakipimwa yanapotoka tu huonesha pH ya chini kuliko ilivyo, kwa sababu yana hewa ukaa nyingi iliyobanwa ndani. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, upime tena. Namba ya pili ndiyo samaki wako watakayoishi nayo.

6. Maji ya mfereji (bomba) yana klorini. Niyaache muda gani?

Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiacha ndoo wazi siku nzima, na kwa haraka zaidi ukitia pampu ya hewa. Kloramini haitoki kwa kuachwa, inahitaji dawa yenye thiosulfeti. Kwa kuwa si rahisi mtu kujua kila siku maji ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) yametiwa nini na kwa kiasi gani, weka chupa ya dawa hiyo nyumbani. Maji ya boza uliza yamevutwa wapi, maana boza la leo na la wiki ijayo huenda si la kisima kimoja. Maji uliyoyatia dawa ya kunywa nyumbani ni yaleyale ya klorini.

7. Kisima chetu kina chumvichumvi. Nifanyeje?

Visima vya karibu na bahari hupata chumvi, na huzidi wakati wa kiangazi maji yanapovutwa sana na mvua hakuna. Kama ulimi unaionja, mimea mingi itateseka. Chumvi kidogo sana huvumiliwa na mmea wa Vallisneria, na samaki aina ya moli huipenda. Zaidi ya hapo, changanya na mvua (swali la 8) au tafuta maji mengine. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

8. Maji ya mvua yanafaa?

Yanafaa sana, na ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kupata maji laini. Masika na vuli bati linakuletea bure maji ambayo wenzetu wa nchi nyingine wanayatengeneza kwa mashine. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi iache iende zake, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Weka kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Tangi jipya la saruji litayarudisha kwenye ugumu. Paa la makuti linayapa rangi ya chai, ambayo haidhuru.

Usitumie mvua peke yake. Haina KH, na pH ya tangi inaweza kuporomoka usiku mmoja. Hesabu ni ya skuli ya msingi: mfereji wenye KH 14 ukichanganywa nusu kwa nusu na mvua unakuwa 7. Sehemu moja ya mfereji kwa tatu za mvua inakuwa 3 na nusu. Kwa tangi la kawaida la mimea, KH ya 4 hadi 8 inatosha kabisa.

9. Nimeambiwa nitie ndimu au siki kushusha pH. Ni kweli?

Nakusihi usifanye hivyo. Hili ndilo jambo linaloua samaki wengi wa wanaoanza, na linaua kwa nia njema.

Ukitia uchachu kwenye maji yenye KH kubwa, baikaboneti inaumeza na kugeuka hewa ukaa. pH inashuka, unafurahi. Saa chache baadaye hewa ukaa imetoka juu ya maji na pH imepanda tena karibu pale ilipokuwa. Unatia ndimu nyingine. Samaki anapandishwa na kushushwa kila siku, na kuyumba huko kunamchosha kuliko pH ya 8 iliyotulia. Siku KH inapokwisha bila wewe kujua, tone lileile la jana linaiangusha pH mara moja. Zaidi ya hayo, ndimu na siki ni chakula cha bakteria, ndiyo maana maji huwa meupe ya ukungu siku ya pili.

Ukitaka pH ya chini, punguza KH kwanza, na KH inapunguzwa kwa mvua. Lakini jiulize kwanza kama unaihitaji. Mimea na samaki wa maswali ya 13 na 17 wanastawi kwenye maji yetu kama yalivyo. Kwa maoni yangu, tangi zuri la Zanzibar ni lile lililojengwa kwa kuyakubali maji ya Zanzibar.

10. Na majani ya mti wa mkungu?

Jani kavu la mkungu lililoanguka lenyewe, likaoshwa, hutoa tanini na kuyapa maji rangi ya kahawia. Kamba wadogo na samaki wachanga hulilalia na kula vijidudu juu yake. Kwa maji magumu haliteremshi pH kwa kiasi cha kuonekana, basi litumie kwa faida nyingine hizo. Jani moja kubwa kwa lita 30 hadi 40 linatosha.

## Kulianzisha

11. Nimejaza maji na mimea imo. Samaki waingie lini?

Wiki 4 hadi 6, na vipimo ndivyo viamue. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Amonia na nitriti ni sumu, nitrati ni ya kuvumilika ikibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaana, ingawa kwa joto letu hawachelewi sana.

Tia chembe za chakula cha samaki kila siku kwenye tangi lisilo na samaki, na upime. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyohiyo. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati imeonekana, anza na samaki watatu au wanne. Mwenzako mwenye tangi la zamani lenye afya akikupa kipande cha sponji ya kichujio chake, amekupunguzia wiki kadhaa. Kibebe kikiwa kimelowa.

12. Amonia ni ndogo, lakini samaki wanakufa. Kwa nini?

Tazama pH. Amonia inakaa kwa sura mbili majini, moja kali na moja isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 28 na pH 7, ile kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kati ya asilimia 6 na 7. Kipimo kimoja kinachosomeka sawa kwenye matangi mawili kinaweza kuwa salama kwa moja na mauti kwa jingine. Kwa maji yetu ya alkali, usikubali amonia yoyote. Badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na klorini, acha kulisha siku mbili.

## Mimea

13. Mimea gani inakubali maji magumu na joto?

Vallisneria, Ceratophyllum, Hygrophila na Anubias. Miwili ya mwanzo inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti, ambayo sisi tunayo tele, kwa hiyo inakua bila mtambo wowote. Anubias asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati. Ifunge juu ya jiwe au gogo, shina lake usilifukie kwenye mchanga, litaoza. Yungiyungi ni zuri ukipata tangi lenye kina. Gugu maji usilete nyumbani wala usimpe mtu.

Kwa gogo, mikoko usikate, inalindwa na tunaihitaji pwani. Gogo la mkarafuu pia liache, sababu iko swali la 21.

14. Naweza kutengeneza hewa ukaa ya kukuzia mimea kwa hamira na sukari?

Ndiyo. Chupa ya lita 1.5 hadi 2, sukari gramu 200, maji lita 1, hamira robo kijiko cha chai, na mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya tangi. Hudumu kama wiki mbili, pungufu wakati wa joto. Mpira usizibe, chupa hupasuka. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo washa pampu ya hewa taa inapozimwa.

15. Majani mapya yanatoka ya manjano, mishipa ikibaki kijani.

Upungufu wa madini ya chuma. Kwenye maji ya alkali chuma huganda na mimea haiwezi kukichukua. Soma kifurushi cha mbolea: chuma kilichofungwa kwa EDTA hakidumu kwenye pH yetu, cha DTPA kinafika kama 7.5, cha EDDHA kinadumu hata juu ya 8, ingawa kinayapa maji wekundu. Udongo wa chini (swali la 3) husaidia kuliko vyote. Mbolea ya urea ya shambani usiitie kamwe, inazaa amonia.

Majani ya zamani yakitoboka matundu, tatizo ni potasiamu. Na kama tangi zima limefunikwa na ukoga wa kijani, punguza taa iwe saa 6 hadi 8, lihamishe mbali na jua la dirishani, punguza chakula, ongeza mimea inayokua haraka.

16. Naweza kuokota mimea bwawani au mtoni?

Unaweza, lakini kichocho bado kipo Unguja na Pemba, na konokono wa jenasi Bulinus wanaokibeba hujishika chini ya majani. Vimelea vyake huingia kwa kupenya ngozi. Usiingie majini miguu mitupu, vaa mabuti na glovu ndefu. Ukifika nyumbani tia mimea kwenye ndoo peke yake, geuza kila jani chini juu uondoe konokono na ute wa mayai yao, na urudie ukaguzi kwa wiki mbili. Konokono wa mtoni usimfuge hata akiwa mzuri vipi, na watoto wasiishike ndoo hiyo.

Mmea mgumu kama Anubias unaweza kuuchovya dakika 2 kwenye dawa ya kung'arisha nguo iliyochanganywa sehemu 1 kwa 19 za maji, kisha kuuosha sana. Vallisneria na Ceratophyllum hawaivumilii.

## Samaki

17. Samaki gani wanafaa maji yasiyobadilishwa?

Gapi, plati na moli. Wanapenda ugumu na wanazaa wenyewe. Ukitaka samaki wa nyumbani zaidi, Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na wadogo wa jenasi Neolamprologus na Julidochromis hawali Vallisneria. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanakula mimea. Sato atachimba mchanga wote. Neoni anataka maji laini na ya baridi kuliko yetu, mwache dukani.

18. Nimesikia kuna samaki wa Unguja asiyepatikana kwengine. Naweza kumfuga?

Yupo, na kila Mzanzibari anapaswa kumjua. Ni Nothobranchius guentheri, alielezwa kisayansi mwaka 1893, na makazi yake ya asili ni Unguja tu. Anaishi kwenye madimbwi yanayojaa mvua na kukauka. Dume ana mwili wa kibuluu wenye nakshi nyekundu na mkia mwekundu. Jike ni wa rangi ya udongo. Hutaga ndani ya tope, dimbwi linakauka, wazazi wanakufa, na mayai yanasubiri miezi mpaka mvua irudi. Maabara za nje zimemtumia kuchunguza uzee, kwa sababu maisha yake ni mafupi.

Nakuomba usimchote dimbwini. Dimbwi moja likifukiwa au kuvuliwa vibaya msimu mmoja, kizazi chake kimekwisha. Na usimwage humo gapi wala samaki mwingine yeyote.

## Joto, umeme na moshi

19. Wakati wa kaskazi maji yanafika nyuzi 31. Ni hatari?

Samaki wa swali la 17 wengi watavumilia, lakini oksijeni inapungua: maji ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 8.2 kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Elekeza feni ndogo juu ya maji, itashusha nyuzi 2 au 3 kwa kuyafanya yavukize. Maji yaliyopungua yajazie kwa mvua, kwa sababu kinachovukiza ni maji matupu na chokaa inabaki. Ukijazia ya kisima kila siku, ugumu unapanda wiki hadi wiki.

20. Umeme ukikatika?

Unguja inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 ulikosekana takriban mwezi, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 takriban miezi mitatu. Fuga samaki wachache na mimea mingi, na uwe na pampu ya hewa ya betri. Huna? Chota maji kwa kata, uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Usilishe. Sponji ya kichujio itoe uiache ikielea tangini, bakteria wake wakifungiwa ndani bila maji kupita hufa. Ikishanuka, ioshe kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha.

21. Udi, dawa ya mbu na mafuta ya karafuu vinadhuru?

Pampu ya hewa huvuta kila kilichomo chumbani na kukipeleka majini. Ukifukiza udi, fukiza chumba chengine. Wapulizaji wa dawa ya mbu ukutani wakija, waruhusu, malaria ni jambo kubwa zaidi. Lakini zima pampu, funika tangi lote kwa plastiki na taulo lililolowa, na ufungue madirisha kabla ya kuiwasha. Dawa nyingi za wadudu zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Karafuu ina eujenoli, inayowalaza samaki usingizi. Mikono iliyochambua karafuu ioshwe kabla ya kuingia tangini. Kwa samaki mgonjwa asiye na tumaini, mafuta hayohayo ndiyo njia ya huruma: tikisa mililita 0.4 kwa kila lita kwenye chupa yenye maji ya tangi, mimina kwenye chombo cha pembeni alimo, usubiri dakika 10 baada ya matamvua kusimama.

22. Tangi la mimea bila samaki litazaa mbu?

Litazaa. Viluwiluwi vitaonekana ndani ya siku chache. Tia gapi wawili amonia na nitriti zikishasoma sifuri (swali la 11), na kabla ya hapo funika kwa chandarua.

23. Nahama. Samaki niwaachie kijitoni?

Hapana, kwa sababu ya swali la 18. Wape mwenzako, skuli au duka ulikowanunua. Mimea isiyotakiwa ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uifukie. Maji ya tangi mwagia migomba, mbali na mtaro unaoelekea bwawani.